Mama Alikataa Kuiita Utani

Mama yangu ana ulimi, na nalisema hilo kwa kujidai. Ni mpishi wa shule ya msingi njia ya kwenda Kwihara, na tangu tukiwa wadogo alitufundisha kuzitenga sauti za hasira. Ukimwambia "fulani kanikasirikia", anakukatiza: kakufokea au kakukaripia? Anayefoka, anasema, anajipoza mwenyewe tu. Anayekukaripia anataka ubadilike. Anayekubeza hakuoni kuwa mtu. Na kusimanga, kumhesabia mtu wema uliomtendea, nyumbani kwetu kulikuwa kosa kubwa kuliko tusi. Wallahi tulikaripiwa mpaka tukakoma.

Mwaka juzi akashtakiwa kwenye kamati ya shule. Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Pwani, aliandika barua kwamba mpishi ana lugha ya matusi. Katibu wa kamati ni mimi. Msishangae, kijiji chetu kidogo, asiye ndugu mngemtoa wapi?

Tulikaa darasani mchana baada ya vipindi. Mama akaja na kanga yake ya jikoni inayonuka moshi, akajibana kwenye dawati la darasa la pili. Likithibitika tusi, kazi hana. Na baba alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete wakati ule, riziki yetu yote ilikuwa jikoni mle.

Mwenyekiti akamuuliza mwalimu aliambiwa nini hasa. Akasema aliingia jikoni kuchota maharage, mpishi akamwambia mbele ya watoto waliopanga foleni: "Chota, mwalimu, chota mpaka chini. Watoto wa hapa hushiba kwa kutazama."

Wajumbe wakainama kuficha vicheko. Mimi niliuma kalamu.

Mwenyekiti, mzee wa huruma, akaona njia ya kumwokoa. Sisi Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda baharini na kurudi. Mtani akikutolea maneno mabovu unacheka, hakuna anayemshtaki mtani. Akasema kwa upole, "Mama, si ulikuwa unamtania mtani wako? Sema ndiyo tu, tufunge kikao, twende zetu."

Nikamkazia macho. Mama jamani, kubali!

Akasimama. "Mwenyekiti, ahsante sana. Huyu ni mtani wangu kweli, na siku nikimkuta na msiba nitaingia kaburini niwazuie wasizike. Lakini siku ile sikutania. Wala sikumtukana. Nilimkejeli, na nilikusudia. Alichota kabla ya watoto."

Kazi imekwenda, nikajisemea. Wajumbe wakanong'onezana muda mrefu, kisha mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, andika: mpishi alimkejeli mwalimu. Anapewa onyo kali."

Nikashusha pumzi, nikaandika upesi kabla hajabadili mawazo, nikampelekea mama atie sahihi. Akasoma yote, kidole chini ya kila neno, akanirudishia karatasi.

"Umeandika nilichofanya, hujaandika kwa nini. Sitii sahihi." Sauti yake naijua, hakuwa anafoka. Alikuwa ananikaripia, mimi, katibu mzima, mbele ya kamati!

Mwenyekiti akakuna kichwa. Akamuuliza mwalimu kama ni kweli alichota kabla ya watoto. Yule bwana akasema, "Ni kweli, mzee." Hakuongeza neno, na kwa hilo nilimheshimu.

Nikaandika: kwa sababu mwalimu alichota chakula kabla ya watoto. Hapo mama akachukua kalamu, akatia sahihi kwa herufi zake kubwa za ngumbaru, akarudi jikoni kuosha masufuria.

Karatasi ile ya onyo imo kwenye faili lake mpaka leo. Nimeandika mengi katika ukatibu wangu, lakini ninalojivunia ni onyo la mama yangu.