Walipouliza Kazi Ni ya Nani

Bado naikumbuka siku ile wageni watatu walipopanda hadi mji wa Elburgon kuja kunipima, mwanangu. Nilikuwa afisa wa watoto, umri wangu kama wako, na shirika moja la wahisani lilikuwa limenitia kwenye orodha ya watu linaotaka kuwafadhili. Si ufadhili wa karo, la. Lilitafuta viongozi wanaorekebisha jinsi vijana wanavyohudumiwa, liwape miaka miwili ya kufanya kazi hiyo tu, pamoja na walimu wa kuwaelekeza. Wageni walitaka kuyaona kwa macho makao ya watoto niliyoyasimamia.

Makao mengine, mtoto akitimiza miaka kumi na minane alipewa blanketi na barua, akafunguliwa geti. Kwetu haikuwa hivyo. Mpishi wetu, Mama Njoki, alikuwa na utaratibu wake: hakuna kijana anayetoka kabla hajachagua mtu mzima mmoja pale mjini, na mtu huyo aje ale naye jikoni Jumapili tatu. Fundi wa kupasua mbao, mama mboga, yeyote yule. Wakishakula pamoja, kijana alikuwa na mlango wa kubisha hodi. Waliotoka kwetu hawakupotea, na habari hizo ndizo zilizowaleta wageni.

Tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi, Mama Njoki akitumiminia chai. Mgeni mmoja akauliza, "Na hii kazi ni ya nani, ilianzishwa na nani?"

Nikajibu, "Ni yangu."

Mama Njoki akakijaza kikombe changu, akaenda kuosha sufuria. Nilijiambia nitamweleza baadaye. Sikumweleza.

Ufadhili nikaupata. Nikahamia ofisi yenye zulia katika mtaa wa kifahari wa Milimani, nikaugeuza utaratibu ule kuwa fomu. Mtu mzima anatia sahihi, afisa anagonga muhuri, kijana anatoka. Makao mengi yakaichukua. Nilipigiwa makofi kila nilikokwenda, na kichwa kikavimba, sitakuficha.

Halafu Chepkoech akarudi. Huyu alikuwa msichana wa makao yetu yale yale, ametoka mwezi uliopita kwa fomu yangu, nikaitwa nikamkuta amesimama getini na begi lake, na sheria hairuhusu kumpokea tena. Aliyemtilia sahihi alikuwa mzee mmoja wa kanisa aliyewatilia vijana tisa kwa siku moja.

"Singeenda kwake, madam," akaniambia. "Hata jina yangu hajui."

Nikamfuata Mama Njoki, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na analima viazi nje ya mji. Nilimkuta shambani, nikamwomba anieleze fomu yangu imekosa nini. Hakuinua kichwa.

"Waliuliza kazi ni ya nani, na mimi nimesimama hapo na birika. Ukasema ni yako. Si uendelee nayo?"

Alipalilia mstari mzima ndipo akaweka jembe chini. "Kuchagua ndio kila kitu, Chebet. Huyo mtoto maisha yake yote amekuwa akipelekwa tu. Hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu anamuuliza, wewe unataka nani? Wewe ukatoa hiyo, ukabakisha sahihi."

Chepkoech nilipomuuliza anamtaka nani, alimtaja Mama Njoki, akaenda kukaa naye. Fomu nikazifuta, nikarudisha chakula cha jikoni. Nikamwomba Mama Njoki tuzunguke makao pamoja, awafundishe wengine. Akanishukuru kwa heshima, akakataa. Tangu hapo alinionyesha heshima tupu, "madam" hivi na "madam" vile, mpaka alipofariki. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Leo nimestaafu, nakaa Njoro peke yangu. Sikukuu zikifika, vijana wale, wengi wao sasa wana watoto, huenda kwa watu waliowachagua. Mimi hakuna aliyenichagua. Niko mpweke, mwanangu, na sioni haya kukiri.

Sasa na wewe umechaguliwa kwa ufadhili kama ule, na wageni wako wanakuja wiki ijayo. Wakikuuliza kazi imeanzaje, wataje wenzako kwa majina, wenyewe wakiwa wamekaa hapo na wanasikia, usingoje wageni waondoke. Kabla ya kupeleka kazi yenu kwingine, waulize wenzako ni kitu gani wanafanya ambacho wewe hujakiona, maana kipo. Na wale vijana unaotaka kuwatengenezea mambo, waulize wanamtaka nani, na uwe tayari kusikia kwamba si wewe.

Mungu akutangulie. Aibariki mikono yenu nyote, na ukifika umri wangu usiwe na jambo kama hili la kumsimulia mtoto wa watu.