Mgeni wa Kwenye Simu

Mwaka mmoja baada ya kumzika baba yake, binti yangu wa miaka kumi na tano aligoma kwenda shule. Kila asubuhi moyo ulimwenda mbio, wala hakumwambia mtu ni kwa nini. Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Mwisho nikampeleka Bujumbura kwa mwanasaikolojia, mama mmoja mpole mwenye ofisi inayonukia sabuni.

Akamuuliza binti yangu analalaje, nikajibu mimi. Akamuuliza anaogopa nini, nikajibu mimi, tena kwa mifano. Kwetu mzazi hampeleki mtoto mbele ya mtu mkubwa kisha akakaa kimya kama kabati.

"Murakoze, mama," akanishukuru tukiagana. "Leo nimekufahamu wewe vizuri sana."

Barabara ya kando ya ziwa, ya kutoka kwetu kwenda Bujumbura, ilikuwa imeliwa na maji, kwa hiyo tukakubaliana yeye na binti yangu wawe wanaongea kwa video. Nilidhani mambo yamerahisishwa. Nilimsahau mama mkwe wangu, tunayekaa naye. Kwake yeye, sura ikishaonekana sebuleni ni mgeni, na mgeni ana heshima zake. Siku ya kwanza alimsalimu mwanasaikolojia kwenye simu, akamuuliza habari za watoto wake, akaita majirani nao wakapanga foleni kusalimu. Halafu akaweka sahani ya ugali na samaki wa ndagala mbele ya simu.

"Bibi, hawezi kukula, iko Bujumbura," binti yangu akasema.

"Najua iko Bujumbura. Aone kwamba tulimupikia."

Mwanasaikolojia alishukuru kwa samaki, kisha akamwomba binti yangu atafute mahali pa kukaa peke yake. Wiki iliyofuata binti yangu akachukua simu akaenda nyuma ya nyumba, kwenye michikichi. Alirudi macho mekundu, lakini akala. Ikawa hivyo kila wiki, nami wivu ukaniunguza. Mtu ambaye hajui hata mlango wetu unafungukia upande gani anaambiwa siri, mimi niliyemzaa naambiwa "ça va", sijambo tu. Bibi yake alijaribu kujibanza nyuma ya mchikichi asikilize, akashikwa na kikohozi.

Kisha siku moja niko sokoni Minago, nimezungukwa na madumu yangu ya mafuta ya mawese, simu yangu ikaita kwa video. Alikuwa binti yangu.

"Mama, kaa palepale. Iko kitu nataka kukuambia, na ukiwa karibu siwezi."

Akasema. Baba yake alikufa yeye akiwa darasani, na hakuna aliyekwenda kumwita. Tangu hapo, kila akikaa kwenye dawati anaamini kwamba mimi pia nakufa huko nje, na hataitwa.

Alikuwa analia. Kama ningekuwa nyumbani ningemkumbatia, nimwambie anyamaze, naye angenyamaza. Lakini mkono wangu haukufika hadi kwake. Nikakaa juu ya dumu, wateja wakinisubiri, nikamsikiliza mpaka akamaliza.