Kitambaa Kisicho na Mshono

Mtambo wa kufumia wa Mama Swalehe ulikuwa na mnunuzi kabla haujatangazwa kuuzwa. Nikolao, fundi seremala wa pale Newala, alishafika mara mbili kuzipapasa mbao zake kama mtu anayechagua mbuzi. Mninga kama huo, alisema, ungempa meza mbili na benchi. Mama Swalehe alimwambia asubiri hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo atakuwa amepeleka kitambaa Masasi, kwa Shakila mwenye duka. Kikikubaliwa, mtambo unabaki. Kikikataliwa, Nikolao aje na mkokoteni, na yeye mwenyewe atahamia Mtwara kwa mwanawe Swalehe, akakae kwenye chumba cha uani na kuambiwa apumzike.

Shida ya mtambo ule ni kwamba ulitaka watu wawili. Kabla ya kufuma, nyuzi ndefu huviringishwa kwenye mti wa nyuma. Mmoja anaviringisha, wa pili anasimama hatua kumi mbali, ameshika ncha za nyuzi na kuzivuta kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Uvutaji ukilegea, kitambaa kinatoka na matumbo, huku kimebana, huku kimevimba. Kwa miaka tisa wa pili huyo alikuwa Yuliana, Mama Dickson. Walikuwa wakivuta huku wakisemana, na siku ambayo hawakusemana kazi haikwenda. Mwaka jana Dickson alikuja kumchukua mama yake, akampeleka Chiwata alee wajukuu na kuangalia mikorosho. Yuliana aliahidi kupiga simu kila Jumapili. Alipiga Jumapili nne.

Tangu hapo Mama Swalehe alifuma vitu vya mtu mmoja: mitandio na vitambaa vya meza, nyuzi fupi za kuvutwa kwa mguu. Soko la vitu hivyo likajaa. Shakila, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, alimwambia wazi kwamba anachotaka ni tandiko la kitanda cha maharusi, pana, lisilo na mshono katikati. Wateja wakiona mshono wanasema wameuziwa viraka. Mtambo wa Mama Swalehe ulitoa nusu ya upana huo.

Akili ilimjia dukani humohumo, akitazama kijana wa duka akikunja shuka. Lilipokunjwa katikati, upana wake ulikuwa sawasawa na mtambo wake. Basi kwa nini asilifume likiwa tayari limekunjwa? Tabaka mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Uzi upite juu, ugeuke pembeni, urudi kwa chini. Upande mmoja tabaka zishikane, upande mwingine ziwe wazi. Likitolewa mtamboni, linafunuliwa kama daftari.

Alijaribu kwanza kwenye boksi la sabuni, kwa sufi za mabaki. Akakosea mara tano, ya sita ikafunuka. Mtambo wake ulikuwa na fito mbili tu za kuinulia nyuzi, na kazi hii ilitaka nne. Akachonga mbili za mwanzi, akazifunga vitanzi vya nailoni. Yote hayo aliyafanya bila mtu wa kumwambia vizuri au vibaya.

Ikabaki kuvuta. Alifunga kamba kwenye nyuzi, akaipitisha juu ya boriti, na upande wa pili akaning'iniza dumu la lita ishirini lililojaa maji. Alipoviringisha, dumu lilipanda taratibu. Uvutaji ukawa uleule. Dumu halichoki, alijisemea, halisengenyi, haliendi Chiwata.

Hapo alifanya kosa ambalo bondeni lisingekuwa kosa, kwa kuwa huko maji ni tele; Newala, juu mlimani, dumu lililojaa halikosi wa kulitazama. Nusu ya nyuzi ikiwa imeshaviringishwa, alikwenda sokoni kununua nailoni zaidi. Aliporudi, kamba ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya benchi, nyuzi ziko chini, na kuku wawili wanazichakura. Dumu halipo.

Nyumba ya tatu, kwa Mama Faidha, palikuwa na msiba. Mtaani kwao maji ya msiba hayasubiri ruhusa. Anayetumwa huingia kila ua, achukue yaliyopo, na baadaye yarudishwe. Waliokuja walimwita, wakaona hayupo, wakaona dumu limejaa limening'inizwa kama nyama buchani. Wakalishusha.

Hakuwa na wa kumlaumu. Alivaa kanga nyingine, akaenda kukaa mkekani na wenzake. Aliyekufa alikuwa mjomba wa Mama Faidha, ameugua wiki mbili, na yeye, nyumba tatu tu mbele, hakuwa amejua. Wanawake walimsogezea nafasi. Mmoja aliuliza, bila ubaya, siku hizi amehamia wapi.

"Nipo," alisema. "Nafuma."

Kufungua mafundo ya nyuzi zilizochakurwa na kuku kulimlia siku tatu. Safari hii alijaza dumu mchanga.

Kisha akafuma. Tabaka ya juu aliiona, ya chini hakuiona. Enzi za Yuliana, mmoja angeinama na kusema huku chini kuna uzi umeruka. Sasa alivunja kioo cha kujitazamia, akakiweka kipande sakafuni chini ya mtambo. Kila baada ya muda akawa anachungulia, na kila alipochungulia alikutana kwanza na uso wake.

Ijumaa alifika Masasi, kitambaa kikiwa kwenye mfuko wa sandarusi. Shakila alimwamkia, akakifunua juu ya meza, akapitisha kidole katikati kuutafuta mshono. Hakuupata. Alichopata ni mstari mwembamba mahali pa mkunjo, nyuzi zilipobanana.

"Hapa pamekaza, Mama Swalehe."

"Pamekaza. Cha pili nitapunguza nyuzi nne pale, hutapaona. Hiki nipunguzie bei kidogo, usinipunguzie sana."

Shakila alicheka, akamchukua nyuma ya duka. Kulikuwa na mitambo mitatu mipya, na wanawake wawili, Ethel na Emilia, walikuwa wanatandika nyuzi. Emilia anaviringisha, Ethel amezishika upande wa pili, amejiegemeza nyuma, wakitaniana juu ya mume wa mtu. Chai ilikuwa mezani. Shakila alisema chumba cha kulala kipo, mshahara upo, na wa tatu anatakiwa.

Mama Swalehe alisimama akiwatazama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Na hii ya kukunja?" aliuliza.

"Si utawafundisha?"

Aliipiga hesabu papo hapo. Mwezi mmoja wa kufundisha, wa pili wa kuzoeana. Mwezi wa tatu Shakila ana mafundi watatu wanaolingana, na anayelingana na wenziwe hapangi bei. Akasema hapana. Afume kwake, alete yeye. Wakavutana mpaka chai ikapoa, wakakubaliana matandiko sita, na uzi atoe Shakila.

"Utakaa peke yako mpaka lini, Mama Swalehe?"

"Mpaka wewe uchoke kununua."

Ethel alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia karibu tena, na akarudi kushika nyuzi zake.

Jioni hiyo alimtumia Nikolao neno kwamba mbao haziuzwi. Jumamosi alianza kutandika la pili, na katikati akaziacha nje zile nyuzi nne. Alipoanza kufuma akaona alikuwa sahihi: mkunjo ulilala bapa, hata kwa kidole haukuhisika. Alitaka kumwita mtu aje aone. Alisimama mlangoni kidogo. Alipita muuza dagaa. Wakabishana juu ya ukubwa wa fungu, akaongezewa kiganja, akarudi ndani kuendelea.