Mama Kitana na Ndevu za Mchungaji

Jina la ubatizo alikuwa nalo, tena zuri, lakini kanisani kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mama Kitana, kwa sababu kitana alikichomeka juu ya sikio kama seremala na penseli yake, na mara nyingine alisahau akaja nacho mpaka ibadani. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: viti viwili, kioo chenye ufa, na redio ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa sababu ya soga.

Mambo yalianza dada yake alipovunjika nyonga akalazwa. Alilala chali muda mrefu, nywele zikasokotana zikawa kama kiota cha ndege. Mama Kitana akaenda na mkoba wake wa kazi, akakaa kando ya kitanda, akafumua fundo moja baada ya jingine bila haraka, akampaka mafuta, akamsuka mistari myepesi isiyoumiza kwenye mto. Dada mtu akaomba kioo. Mama Kitana alipoanza kukusanya vitu vyake aondoke, akasikia sauti kutoka kitanda cha pili:

"Na mimi je? Au mpaka tuzaliwe tumbo moja?"

"Haya, leta kichwa," akajibu. "Tumbo tutalitafuta baadaye."

Dada akapona, akarudi nyumbani kwa fimbo. Mama Kitana hakuacha kwenda. Kila Jumatano alifunga saluni akashinda wodi ya wanawake, bila kulipwa na bila kuombwa. Wateja wakanung'unika.

"Njooni Alhamisi," aliwaambia. "Nywele zenu zina miguu. Za wenzenu hazina."

Tatizo lilikuwa maji. Bomba la wodi lilitoa maji ya baridi tu, na mtu anayetetemeka kwa homa huwezi kumwagia maji ya baridi kichwani. Alijaribu kuja na birika lake la umeme. Muuguzi mkuu akalikataza, na alikuwa na haki, maana waya wake ulikuwa umechubuka. Ila alimwambia, "Mkituletea hita na sinki la kuoshea nywele, fundi wetu atavifunga. Vifaa ndivyo hatuna."

Jumapili, matangazo yalipokwisha, Mama Kitana akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alieleza shida kwa maneno machache akakaa. Akainuka mzee wa kanisa ambaye vijana wanamwita Mzee Kanuni.

"Mama, mgonjwa anahitaji dawa. Misuko ni pambo."

"Ni kweli, Mzee wangu, ni pambo," akasema. "Ila nikishawasuka huomba kioo, na baada ya kioo huomba chakula."

Watu walitikisa vichwa kwa huruma, lakini kapu lilirudi jepesi. Wengine tulikuwa na huruma ya mdomo tu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kesho yake akaenda nyumbani kwa mchungaji wetu. Mchungaji alikuwa na ndevu zilizofika kifuani, alizozifuga tangu ujana. Tulizijua kuliko tulivyomjua yeye.

"Mchungaji, naomba ndevu zako," alisema. "Tutaweka mabeseni mawili mbele ya kanisa. Wanaotaka zinyolewe watachangia jekundu, wanaotaka zibaki watachangia la bluu. Beseni litakaloshinda ndilo litakaloamua. Pesa zote zinakwenda wodini."

Mchungaji akazishika kwa mikono miwili. "Mama, ndevu hizi zina umri mkubwa kuliko ndoa yangu!"

"Ndiyo maana nataka zistaafu!" mkewe akaitikia kutoka jikoni.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mzee Kanuni, ambaye hatukumtarajia, ndiye aliyeongoza kambi ya bluu. "Mchungaji bila ndevu ni jogoo bila kishungi!" alitangaza, akatumbukiza noti mbele ya wote. Kwaya ikagawanyika. Mimi, mwimba besi, nikaweka kwenye bluu. Mke wangu akanipita bila kunitazama, akaweka jekundu. Kila bluu ilipotangulia, wanawake walifungua vitambaa vyao upya. Mwisho mama mchungaji akaja na kopo alilokuwa akiwekea akiba ya pazia jipya, akalimimina lote kwenye beseni jekundu. Hapo bluu ikasalimu amri.

Mama Kitana akamkalisha mchungaji kwenye kiti, akamfunga taulo, akaanza na mkasi kisha wembe. Waliosimama madirishani wakanyoosha shingo. Kidevu kilipotokea, kilikuwa kidogo, chenye kishimo katikati. Kitinda mimba wa mchungaji akajificha nyuma ya mama yake. Mama mchungaji alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta machozi.

"Jamani," akasema, "kumbe niliolewa na kijana!"

Hita ikanunuliwa, na sinki, na pesa za mataulo zikabaki. Siku hizi wako wanawake kadhaa wanaokwenda na Mama Kitana, mke wangu akiwemo. Mzee Kanuni naye huja kufagia, kwa kuwa, asemavyo, nywele sakafuni ni kinyume cha kanuni za usafi. Ndevu za mchungaji zimeanza kurudi, na tayari wapo wanaouliza mnada ujao ni lini.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya kwanza, kwa sababu nilisaidia kubeba sinki. Aliyeoshwa mwanzo alikuwa bibi mmoja aliyelazwa siku nyingi. Mama Kitana aliyapima maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, akaanza kumwosha taratibu. Bibi akafumba macho. Baada ya muda tukasikia anakoroma.

Nikasogea nimwamshe. Mama Kitana akanikunjia uso.

"Mwache, baba," akanong'ona. "Muuguzi ameniambia huyu usiku hapati usingizi."

Akafunga bomba. Akabaki ameinama, kichwa cha yule bibi kikiwa viganjani mwake, wala hakukiweka chini mpaka mwenyewe alipoamka.