Mabawa ya Chombo cha Angani

Tulipokuwa tukikaa New Hope, mji wa baridi huku ughaibuni, mlango wangu na wa shoga yangu ilitazamana. Mimi mtu wa Mombasa, nikishona na kuuza mabuibui. Yeye alitoka Nakuru, akafundisha fizikia sekondari kabla ya kuja huku kuwa nesi. Watoto wetu walikisikia Kiswahili vizuri, ila wakitujibu kwa Kiingereza. Ndipo tukaazimia kuwatungia kitabu cha picha juu ya familia inayohamia sayari nyingine. Yeye aandike, mimi nichore.

Jumapili moja akitoka kanisani alikuja kwangu, theluji imefunika magari yote nje, nami nishaweka chai na mahamri. Chombo changu cha kwanza nilikichora kama dele la kahawa la nyumbani kwetu: tumbo la mviringo, mdomo mrefu uliopinda, nikakitia na mabawa mawili makubwa. Alikitazama huku akitafuna taratibu.

"Dada, mabawa ya nini? Huko juu hakuna hewa."

"Ya kupendeza."

"Na joto la mitambo litatokea wapi? Watu wako wataiva humo ndani kama viazi."

Akachora chake: mkebe mrefu, mabomba yametokeza kila upande. Huenda kilikuwa sahihi, lakini kilikuwa kibaya mno.

"Shoga, mtoto gani atatamani kupanda pipa hili?"

Aliudhika. Akavaa koti, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, na chai ile sikuionea ladha. Nikavuka korido, nikagonga mlango wake. Alifungua akiwa bado na sare ya kazini.

"Nyumbani wanafunzi walikuwa wakinisikiliza," akasema. "Tangu nifike huku hakuna aliyeniuliza chochote cha fizikia."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikaketi sakafuni kwake. "Basi nifundishe. Hilo joto hutokaje?"

Akaniambia kuwa pasipo hewa joto hutoka kwa kung'aa tu, kama joto la makaa linavyokufikia usoni ukiwa umekaa mbali nayo. Kwa hivyo chombo kinataka mabamba mapana, membamba, ya kulitawanya.

"Mapana kiasi gani?"

"Pengine kuliko chombo chenyewe."

"Kwa hiyo ni mabawa."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikayachora marefu, mekundu shinani, yakififia hadi kuwa ya kijivu nchani. Tumbo la mviringo aliniachia. Mdomo aliukataa, na hata leo naona ungependeza.

Tulikisoma kitabu chetu katika chumba cha mikutano cha jengo letu, watoto wameketi kwenye zulia. Binti yangu akauliza, kwa Kiingereza, mbona kina mabawa na angani hakuna upepo. Shoga yangu akasimama wima. Ualimu ukamrudia. Akaeleza kwa Kiswahili kitupu, mikono yake ikipanda na kushuka, na binti yangu akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hayarushi," akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kubabaika. "Yanapumua."

Shoga yangu hakumsahihisha. Alimkumbatia tu.

Baadaye alimfuata mumewe jimbo la kusini, nami nikahamia Fridley, mji wa jirani. Tunapigiana simu mara chache, kazi zimetubana. Lakini baridi ikianza mimi humkumbuka alivyokuwa siku ile mbele ya watoto, uso umenawiri, kila swali likizaa jingine, na sisi wazazi tumesimama mlangoni na makoti mikononi, hakuna aliyetaka kumwambia kwamba muda umekwisha.