Daktari Aliyekataa Akiwa Amepiga Goti

Asubuhi moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na ujumbe wako ndio umeirudisha. Unasema huko kwenye mafunzo ya udaktari mmepewa maswali ya kuwapima ujasiri: mkubwa wako akikuamuru jambo baya, utakataa? Nimecheka kwanza, kisha nikaona nikujibu.

Mama yako, mdogo wangu, alikuwa bado msichana, amelazwa wodi ya wanawake mjini Shinyanga kwa nimonia. Wazazi wetu walikwisha kufariki, nami nilishaacha shule ili wadogo zangu wale. Jembe nililiacha kijijini kwetu Samuye, nikakaa naye kitandani.

Akaja mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Mwakitolyo, kamleta mama yake, na wodi imejaa. Daktari mkuu akatazama vitanda, akasimama kwetu, akamwambia daktari binti aliyekuwa mafunzoni aandike kwamba mgonjwa huyu amepona, aende nyumbani.

Alikuwa binti wa Kisukuma aliyelelewa vizuri. Akapiga goti mbele ya wodi nzima.

“Shikamoo, daktari.”

Mzee akaitikia marahaba huku anatabasamu, akijua yamekwisha.

“Nimempima sasa hivi. Homa iko juu na anahema kwa shida. Kuandika amepona, siwezi.”

Akaulizwa, kwa ule upole wa kutisha, kama anajua nani atasaini kwamba amefaulu mafunzo. Akajibu kwamba anajua, ni yeye daktari mkuu. Wala hakunyanyuka.

Hapo yule bibi mwenyewe aliyeletwa akamwambia mwanawe, mnunuzi wa dhahabu: “Mimi nina kikohozi tu. Nikilala kwenye kitanda cha mtoto wa watu, usingizi nitautoa wapi? Nirudishe nikanywe uji wangu.”

Wodi ikacheka, hata wenye nyuzi tumboni, waliokatazwa kucheka. Daktari mkuu akakisikiliza mwenyewe kifua cha mama yako, muda mrefu, akasema aendelee na sindano, akaondoka. Mafunzo yalipokwisha alimsainia yule binti. Kama ni kwa moyo mweupe, sijui.

Siku ile ile nilimfuata yule binti kumshukuru, nikamsifia adabu yake ya kubaki na goti muda wote ule. Akacheka mpaka machozi.

“Adabu gani, dada? Miguu ilikuwa inatetemeka. Ningesimama ningeanguka.”

Wahenga husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi niliwaona mwoga na shujaa ndani ya koti moja jeupe, na kicheko kikaja kwetu sote. Basi wakikuuliza kama utaogopa, jibu ndiyo. Heshima si utumwa, mwanangu: mwamkie mkubwa wako, mpe cheo chake chote, halafu usiandike usichokiona kwa mgonjwa.

Mama yako yuko hapa jikoni, ananigombeza kwamba nimezidisha chumvi, na pumzi anayo tele. Anakusalimu. Nenda, Mungu akupe wagonjwa wanaopona na wakubwa wanaosikia, na siku wasiposikia, akushike mkono.