Bakuli la Punje na Mkanda wa Baba Yake

Mume wangu ni kinyozi, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lingine. "Kinyozi, upo?" "Kinyozi, leo nina harusi, nifanye binadamu!" Duka lake ni chumba kimoja chenye kiti cha kuzunguka, kioo kinachofunika ukuta mzima, benchi la wateja, na feni ambayo kazi yake ni kuhamisha nywele kutoka kona hii kwenda ile. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla hatujaoana. Siku aliyokuja kunichumbia alikuwa na nywele za watu kwenye kola.

Ni mtu asiyeweza kumuumiza mwenzake, na hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo maradhi yake. Akimaliza kumnyoa mteja aliyeanza kupata upara kisogoni, huchukua kioo kidogo cha mkono akamwonyesha kisogo upande upande, ili upara usionekane. Mteja hutabasamu, hulipa, hutoka akitembea kama kijana wa miaka ishirini. Siku moja nilimuuliza, "Baba Punje, huo si uongo?" Akasema, "Nimemwonyesha kichwa chake. Sikusema nimemwonyesha chote."

Jibu hilo ningelitilia maanani, ningeokoa mchele mwingi.

Punje ni kitinda mimba wetu. Alikuja wakati nimeshagawa nguo zote za watoto, na kaka zake wawili wana ndevu na makazi yao. Alizaliwa mdogo, ndiyo maana baba yake akamwita Punje. Sasa ana mwaka mmoja na nusu, anatembea kama mlevi mwenye haraka, na maneno yake hayajazi kiganja. Analolipenda kuliko yote ni "taki," yaani sitaki. Hulitumia hasa akiona kijiko changu.

Kaka zake walikula kama mchwa. Ulikuwa ukiweka sufuria chini na kugeuka kuchukua maji, ukirudi unaikuta inang'aa. Huo ndio ulezi nilioujua. Punje hula vijiko vinne, akafunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Nimemwimbia. Nimemwambia paka atakula. Nimejifanya nalia, naye akanipangusa machozi ambayo hayakuwepo, akaufunga mdomo tena.

Yote hayo ningeyavumilia kama si kazi. Nilikuwa napiga pasi kwenye kiwanda cha dobi kinachofua shuka za mahoteli, nimeshika nafasi ya mwanamke aliyekwenda kujifungua. Naipenda kazi ile. Shuka inatoka mashineni imekunjamana kama uso wa bibi, tunaishika wawili, huyu huku na huyu kule, tunavuta, mvuke unapanda, na inaingia rafuni imenyooka kama karatasi. Na maneno ya wanawake wale! Unarudi nyumbani mbavu zinauma kwa kucheka. Wiki ile msimamizi akaniita pembeni.

"Mwenzio harudi tena," akasema. "Nafasi ni yako, ya kudumu, ukiitaka. Nipe jibu Ijumaa, maana wanaoitaka wapo mlangoni."

Niliitaka mno. Lakini nikiwa kazini Punje hushinda dukani na baba yake, na mtoto asiyekula unamwachaje?

Kila asubuhi nilimfungia Punje chakula cha mchana kwenye bakuli lenye kifuniko. Jioni bakuli lilirudi tupu, limeoshwa. Lakini mezani Punje alikuwa yuleyule: vijiko vitatu, "taki." Nikajiambia, basi dukani hakimtoshi. Nikaongeza wali. Bakuli likarudi tupu. Nikaongeza maharage, nikaongeza yai na kiazi. Tupu. Nikalistaafisha bakuli dogo, nikatoa lile kubwa nililokuwa nikiwapakulia kaka zake enzi za kucheza mpira. Nalo likarudi tupu. Nilifurahi, nikasema kumbe mtoto anakula! Ila nikimbeba, ni mwepesi vilevile, na kishingo chake ni kilekile.

Aliyenenepa alikuwa baba yake.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Kwanza niliona vifungo vya shati vinalalamika. Kisha mkanda. Ulianza kurudi nyuma tundu moja, ukarudi jingine, na Jumatano asubuhi nikamwona amesimama karibu na kitanda, amevuta tumbo, amebana pumzi, analitafuta tundu la mwisho. Nikaona sinema nzima: mwanangu amekaa benchini na njaa yake, huku baba mtu na wateja wake, hasa yule fundi mwashi mwenye shingo nene anayeshinda pale hata akiwa hana nywele za kunyoa, wanaumaliza wali wa mtoto na kupiga soga.

"Baba Punje, mkanda umefupika?"

"Ngozi hiyo, mke wangu. Ngozi hujikunja kwenye baridi."

"Baridi gani, na wewe unatoka jasho?"

Akambeba Punje, akachukua bakuli, akatoka mbio kama aliyeona nyuki.

Alhamisi nilikuwa nimeshaamua. Nikikuta mtoto ananyimwa chakula, kesho yake ningemwambia msimamizi nafasi ampe mwingine, nikae nyumbani nimlishe mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Mapumziko ya mchana yalipofika nikavua aproni na kwenda dukani. Sikuingia. Nilisimama nje ya mlango, nikachungulia pembeni ya pazia.

Mashine ya kunyolea ilikuwa imezimwa. Fundi mwashi alikuwa benchini, taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kama shamba lililofyekwa nusu mvua ikaingia. Alikuwa ameshushwa kitini. Kitini, juu ya ule ubao wanaokalishwa watoto wakija kunyolewa, alikaa Punje, amefungwa taulo safi, uso kwenye kioo kikubwa. Mume wangu alikuwa ananawa mikono hadi kwenye viwiko.

"Hii saa ya Punje itaniua," alisema fundi mwashi. "Nina kikao saa nane."

"Ikifika saa yake, hata jaji anashuka kitini," alisema mume wangu.

"Na mimi ni mwashi tu."

"Basi shuka mara mbili."

Akafungua bakuli. Punje akachota mwenyewe, kwa kijiko na kwa vidole. Akampa kwanza yule mtoto wa kwenye kioo. Wali ukabaki umegandia kwenye kioo. Kisha akala yeye. Kila alipofungua mdomo, benchi zima lilifungua mdomo: fundi mwashi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisubiri zamu yake, na kijana mmoja aliyeingia kuuliza njia tu. "Aaam!" walisema pamoja. Punje akacheka mpaka maharage yakamtoka, akayaokota, akayala tena. Alikula kwa raha, mama wee! Mwanangu, yule yule wa vijiko vinne!

Bakuli lilikuwa halijafika hata nusu aliposukuma kijiko. "Taki."

Mume wangu akafunika pale pale. Hakumbembeleza.

"Hajamaliza, Kinyozi," alisema fundi mwashi.

"Kasema basi. Tumbo ni lake, si langu."

"Lako mbona tunaliona kutoka huku?"

Benchi likacheka. Mume wangu akamshusha Punje, akampa kitana cha kuchezea. Kisha akalitazama bakuli kama mtu anayetazama mfuko wa saruji anaotakiwa kuubeba ghorofani. Akashusha pumzi, akakaa, akaanza kula.

"Liache hilo, utapasuka," alisema mwalimu mstaafu.

"Nikirudisha nusu, mama yake hatakuwa na amani siku nzima."

"Na ukimaliza?"

"Kesho anaongeza."

"Basi, Kinyozi, sisi tutakuzika umeshiba."

Nikasukuma pazia. "Huo ndio mkao wa kula, Baba Punje?"

Kijiko kikasimama hewani. Fundi mwashi akajifunika taulo usoni. Punje peke yake ndiye hakushtuka. Alinijia mbio, akaninyooshea punje mbili za wali zilizoganda kiganjani, nile.

"Mke wangu," alisema baba yake, "nilitaka kukwambia."

"Lini? Ukishakosa mlango wa kutokea?"

"Ungelia."

"Na hivi silii?" Lakini nilikuwa nacheka, na nikicheka siwezi kukasirika sawasawa. Hata hivyo wasiwasi haukutoka. "Sawa, humnyimi. Lakini hicho alichokula, hicho ni chakula? Shomoro anamshinda! Na wewe unafunika bakuli!"

"Basi twende kwa nesi. Sasa hivi, wote, na bakuli lenyewe."

"Na kichwa changu?" aliuliza fundi mwashi.

"Kichwa chako hakiendi popote."

"Hakika hakiendi bila mimi!" Akasimama, akatufuata na taulo lake shingoni ili kinyozi asimpotee. Hivyo ndivyo tulivyovuka barabara, mimi mbele na bakuli, mume wangu na Punje mabegani, na nyuma yetu mtu mwenye nusu kichwa. Watu walisimama kutuangalia.

Zahanati ilikuwa na nafasi saa ile. Nesi ni mama wa makamo kama mimi, hasemi haraka. Alimweka Punje kwenye mizani, akalinganisha na uzito wa mwezi uliopita na wa kabla yake. "Amepanda," akasema. "Anapanda vizuri, kwa mwendo wake. Tatizo ni nini?"

"Hali chakula, nesi."

"Anakula nini?"

Nikaweka bakuli mezani. Nesi akalitazama bakuli, akamtazama Punje, kisha akamtazama fundi mwashi. "Hili ni la huyu baba?"

"La mtoto, nesi."

"La mtoto!" Akamkunja Punje ngumi, akaiweka karibu na bakuli. "Tumbo lake likiwa tupu halikizidi sana kingumi hiki. Mama, tumbo la mtoto si gunia." Akavuta kikombe cha chai kilichokuwa mezani kwake. "Kwa mlo mmoja, kikombe hiki. Pengine pungufu kidogo, pengine kinajaa. Asubuhi, mchana, jioni. Katikati, mara mbili, kitu kidogo, kama kipande cha papai, nusu ndizi au nusu yai. Maziwa vikombe viwili kwa siku vinatosha. Yakizidi yanakaa mahali pa chakula."

"Na akikataa?"

"Akikataa, amekataa. Wewe unachagua chakula gani na saa ngapi. Kiasi gani, hiyo ni kazi yake."

"Kazi yake? Meno yenyewe hayajatimia!"

"Tumbo limetimia. Leo atakula nusu kikombe, kesho atataka na cha baba yake. Usipime kwa siku moja, pima kwa wiki. Ukiona anapungua uzito, amelegea, hachezi, hakojoi kama kawaida yake, hapo usinisubiri, njoo mbio."

Punje alikuwa chini ya meza akijaribu kumvua nesi kiatu.

"Lakini jioni, nesi. Jioni anakula vijiko vitatu tu."

"Tangu asubuhi huwa amekula nini?"

Nikaanza kuhesabu kwa sauti, na baba yake akawa ananijazia nisiyoyajua. Uji na yai kabla sijatoka nyumbani. Papai saa nne, linaletwa na mwalimu mstaafu. Wali na maharage mbele ya kioo. Ndizi baada ya kulala. Maziwa akiamka na maziwa baba yake akifunga duka. Kadiri tulivyohesabu, sauti yangu ilipungua. Kumbe mwanangu alikuwa akila kutwa nzima mbele ya watu, nami namvizia jioni na kijiko, hana nafasi tena ila ya usingizi.

"Umesikia mwenyewe," alisema nesi. Kisha akamgeukia mume wangu. "Wewe sasa. Panda hapa."

"Mimi siumwi."

"Panda!" tulisema sote, fundi mwashi akiwa na sauti kubwa kuliko wote. Akapanda. Nesi akasoma, akasoma tena. "Baba, huyu mtoto unamsaidia sana," akasema, na fundi mwashi ilibidi atoke nje akacheke huko.

Walirudi dukani kumalizia kichwa. Mimi nilienda kiwandani moja kwa moja, nimechelewa, na nilipomwona msimamizi mlangoni amekunja uso nikamwahi kabla hajafungua mdomo.

"Kazi naitaka."

"Si nilisema kesho?"

"Kesho mbali. Nisije nikaanza kufikiri."

Akakunjua uso. "Haya, shika shuka."

Jioni ile nilimpakulia Punje kwenye kikombe cha chai, na baba yake nikampakulia cha kumtosha mtu mmoja. Aliizungusha sahani yake, akatafuta nyongeza kwa macho. Punje akala vijiko vitatu na nusu. "Taki." Mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe na kijiko cha nne, nikaukalia. Punje akateremka, akamfuata paka chini ya meza, wakapotea wote wawili, kikabaki kicheko.

"Umeweza," alisema mume wangu.

"Usiniongeleshe, nisije nikabadilika."

Ijumaa nilikuwa upande wangu wa shuka, mwenzangu kule, tunavuta. Ilipofika saa ya Punje nilisogea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza msimamizi.

"Nanyoosha mgongo."

Nikaunyoosha, nikasikiliza kidogo kana kwamba ningeweza kusikia benchi zima likisema "aaam" kutoka mtaa wa pili, kisha nikarudi kwenye mvuke.